Matundu Niliyoyazibua Bungu

Niliwahi kuingia chumbani kwa mtu, kule Bungu mlimani, nikapanda juu ya stuli na kuikata kwa kisu kazi ya fundi mwenzangu, bila ruhusa ya mwenye nyumba wala ya fundi mwenyewe. Niliitwa mharibifu. Niliitwa mwenye wivu. Mwenyekiti wa kitongoji alinikalisha mbele za watu kama mwizi wa kuku. Nawaambia nyinyi vijana mnaoshika leo kopo la povu la kuzibia mapengo: mkinirudisha siku ile nitakata tena, na safari hii nitakata pana zaidi.

Nilichokuwa nakipigania ni uhai wa mama mmoja mzee, Mama Hoza. Nitamfikia. Ila nikianza na kisu mtadhani nalichukia povu, na hilo si kweli. Povu nalipenda. Nimekula ugali wa povu miaka mingi.

Jina langu ni Mwanaidi, mzaliwa wa Kwamsisi, Handeni, na hapa Korogwe watu walinijua kama fundi wa milango na madirisha. Nimestaafu. Magoti ndiyo yaliyoomba, si mimi. Wale wenye swali la mwanamke aliwezaje kazi ya milango, nililichoka swali hilo tangu nikiwa na meno yangu yote, kwa hiyo leo silijibu.

Aliyenifundisha ni Mzee Shebughe wa Handeni, seremala mwenye mikono mipana na maneno machache. Enzi hizo pengo kati ya fremu na ukuta tulilijaza kwa vipande vya tofali na udongo wa saruji, na ukiwa mvivu unasokomeza na karatasi ya mfuko wa saruji ndani. Siku makopo ya povu yalipofika kutoka Dar, mzee alilitazama la kwanza kwa dharau, akalitikisa, akapuliza. Ilikuwa kiangazi, Handeni imekauka hata mate yanakuwa mazito mdomoni. Povu likatoka, likalala ukutani limechoka. Asubuhi tukalikuta limesinyaa, ukiligusa linakuwa unga. Mzee alilisema kwa Kizigua maneno ambayo siyaandiki hapa.

Akataka kuyarudisha makopo yote dukani. Mimi nikamwambia ngoja. Nilikuwa nimeona pale mfanyakazi alipomwaga maji ya kunawa, sehemu ya chini ya fremu, povu lilikuwa limevimba vizuri na kukaza. Tukajaribu tena, safari hii tumeulowesha ukuta kwanza. Likashika mpaka mzee akaligonga kwa nyundo na kucheka. Kuanzia hapo alitembea na bomba la kupulizia dawa ya mahindi, aliloliosha mpaka harufu ikaisha, na hakuna pengo lililopata povu kabla ya kupata maji. Povu linakauka kwa unyevu, jamani. Handeni unalipelekea maji. Bungu ukungu unakuletea bure, ila baridi nayo inalichelewesha, hivyo kopo ulikalishe kwanza kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu, sikusema moto. Usilibandike jikoni, litakulipukia.

Silikoni, ile gundi laini ya kuzibia nyufa, ni kinyume chake. Hiyo inataka ukuta mkavu uliofutwa vumbi, ukiipaka penye maji inabanduka yote kama ganda la yai la kuchemsha. Nayo ziko aina mbili, na wenye maduka wengi hawakwambii. Fungua, nusa. Ikinuka siki, ni ya vioo vya dirisha na vigae vya bafuni. Usiipeleke kwenye bati wala saruji, na usiithubutu nyuma ya kioo cha kujitazamia. Kuna saluni hapa Korogwe fundi mmoja alibandika kioo kikubwa kwa silikoni ya siki. Baada ya muda kikaota madoa meusi kutoka mgongoni, na wateja wakawa wanatoka na huzuni wakidhani ni nyuso zao.

Sasa Segera. Nacheka mpaka leo. Kulikuwa na bwana mmoja anauza chipsi pale njia panda, akajenga choo cha wateja, nikamwekea mlango. Nilikuwa na haraka, nikajaza pengo lote la fremu kwa povu mpaka mdomoni, nikasema liwe imara. Yule bwana, furaha imemzidi, akaingia kukijaribu choo chake kabla ya mtu mwingine. Huku nje povu likaanza kuvimba. Povu halina adabu, likikosa pa kwenda linasukuma kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni fremu yangu. Fremu ikapinda kuingia ndani, ikaubana mlango.

"Fundi! Mlango haufunguki!"

"Subiri kidogo, bado unakaza," nikamjibu, maana ningemwambia nini.

"Unakaza nini? Nina viazi kwenye mafuta!"

Viazi viliungua. Mlango tuliukata kwa panga, abiria wa mabasi wakishangilia. Tangu hapo nilikata vijiti vya kuibana fremu ndani, nikajaza pengo chini ya nusu tu, nikalitazama livimbe lenyewe, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukijaribu choo siku hiyohiyo.

Na msiliache povu juani. Hilo nilifundishwa na Mama Naserian, mama wa Kimasai kule upande wa nyanda za Handeni, ambaye mumewe alimjengea nyumba ya bati yenye madirisha ya kufungua. Niliziba kando ya madirisha, nikakata ziada, nikaondoka bila kupiga rangi wala plasta. Niliporudi, povu lilikuwa limegeuka kahawia, linapukutika, na kuku wamelidonoa mpaka wametengeneza mapango.

"Fundi, shikamoo," alinisalimu huku anacheka. "Hiki chakula cha kuku ulichoniletea kimekwisha. Utaleta kingine lini?"

Kuku wanapenda povu, sijui kwa nini. Wale hawakufa hata mmoja, ingawa sisemi mkawalishe. Likumbukeni hilo la kuku, nitalihitaji huko mbele.

Twende Bungu.

Hoza ni mtoto wa kule mlimani, ana biashara yake Dar. Baba yake alifia katika nyumba ya zamani ya miti na udongo, kifua kimembana, msimu wa ukungu ambao nguo ikianikwa haikauki. Hoza aliapa mama yake hataguswa na upepo tena. Akamjengea nyumba ya tofali, dari nyeupe, madirisha ya vioo. Alinipigia simu, akaniomba nizibe kando ya fremu zote, na nikimaliza niyazibe pia yale matofali ya matundu yaliyoachwa juu ya madirisha kwa ajili ya hewa.

Fremu niliziziba vizuri, ukungu ukinisaidia. Nikaingia chumbani kwa Mama Hoza kupima matundu. Chini ya kitanda nikaona jiko la mkaa, majivu bado mapya. Pembeni ya kitanda palikuwa na tenga, ndani yake kuku na vifaranga vyake, maana kule kuku mwenye vifaranga halali nje kwenye baridi.

"Shikamoo mama. Hili jiko unaliwasha humu chumbani?"

"Marahaba mwanangu. Sasa niliwashe wapi, msikitini?"

"Unalala nalo?"

"Mume wangu hayupo. Nilale na nani?"

Nilicheka naye, lakini jicho langu lilibaki kwenye lile jiko. Mimi ni mtoto wa Handeni, mkaa naujua unapotoka. Mjomba wangu alikuwa mchoma mkaa. Msimu mmoja wa mvua alikiziba kibanda chake kwa turubai pande zote, akaingiza jiko la kuotea, akalala. Hakuamka. Hakuwa na jeraha, hakuwa ameungua, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko alipokuwa hai. Mkaa unatoa hewa mbaya isiyonuka, haikukohozi, haikwambii toka. Nilimpenda sana mjomba yule. Ndiye aliyenichongea kiti changu cha kwanza.

Nikampigia Hoza.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba baba. Fremu tayari. Matundu siyazibi."

"Kwa nini? Upepo wote unapita hapo."

"Mama analala na jiko la mkaa. Upepo huo ndio unaomwamsha asubuhi."

Akasema kwa upole, "Fundi, baba yangu alikufa kwa baridi ileile. Nilikuwa mbali. Mama naye akifa kwa baridi, mimi nitajiweka wapi?"

"Basi mwambie alitoe jiko."

"Nimemwambia. Kwani anamsikia nani?"

"Basi siyazibi."

Hoza alinishukuru kwa fremu, akamwita Rajabu, kijana wa mjini Korogwe mwenye mkono mwepesi. Nilimwonya Rajabu tulipokutana stendi.

"Bi mkubwa, unakomaa na vitundu?" akasema. "Mteja anataka joto, tunampa joto. Freshi tu."

Alikwenda akayaziba. Kazi ilikuwa safi, ameikata sawasawa na ukuta na kuipiga rangi ya chumba, huioni ilipoanzia. Kwa mkono namsifu hadi leo.

Baadaye nikapata kazi ya mlango kwa jirani wa Mama Hoza, nikapita kumsalimia. Nilimkuta barazani, kanga ameikaza kichwani, macho mekundu. Akaniambia kila asubuhi kichwa kinampasuka na anatapika, akienda shambani anapata nafuu, akilala usiku mmoja kinarudi. Zahanati walimpima malaria, hakuna. Majirani wakasema ni uzee tu.

"Na kuku wangu amekufa," akaongeza, akilitazama tenga tupu. "Yeye na vifaranga vyote."

"Wamekufa na nini?"

"Wengine wanasema mdondo. Wengine wanasema wamekula lile povu la Rajabu."

Nikatazama uani. Vipande vya povu alivyokata Rajabu vilikuwa bado vimetapakaa chini ya dirisha, na jogoo mmoja na mitetea kadhaa wanavidonoa kwa raha zao, manyoya yanang'aa. Mdondo ungewafagia hao pia. Povu lingewaua hao kwanza. Waliokufa ni wale waliolala ndani na jiko, na mama huyu alilala humohumo, tofauti yake na wao ni ukubwa wa mapafu.

Sikuomba ruhusa. Hapo ndipo watu wengine wanaponilaumu, wanasema ningepiga simu kwanza, ningeita mwenyekiti, ningefuata utaratibu. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu, na kisu kilikuwa mfukoni. Nikaingia, nikaburuta stuli, nikachoma kisu kwenye tundu la kwanza. Povu likikauka halitolewi kwa dawa, ni kisu tu, unazungusha pembeni kisha unalisukuma. Kikatoka kipande cheupe, kikadondoka kitandani. Ukungu ukaingia kwenye lile tundu, unauona unavyotembea. Nikakata la pili, la tatu, yote.

"Hoza atakasirika," Mama Hoza alisema mlangoni.

"Akasirike akiwa na mama."

Alikasirika kweli. Rajabu, aliyepata habari kwa majirani, alimpigia simu kabla sijafika Korogwe, na Hoza akapanda basi, akapanda bodaboda mlimani, akafika na baridi yote mwilini. Mwenyekiti wa kitongoji akatuita palepale nyumbani, chumbani kwa mama, ili kila mtu aone uharibifu. Mimi nimekaa kwenye stuli ileile. Rajabu amesimama na kopo jipya la povu mkononi. Mama Hoza yuko kitandani.

"Nani alikupa ruhusa?" Hoza aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, haikuwa ya ubabe.

"Hakuna."

"Basi umekosa."

"Kwa ruhusa nimekosa. Kwa matundu sijakosa."

Niliwaeleza habari ya mjomba. Niliwaeleza tenga na kuku wa nje. Rajabu akasema ni bahati mbaya tu, mbona nyumba nyingi zimezibwa na waliomo ni wazima. Mwenyekiti alisikiliza, akajikuna, kisha akatoa uamuzi wake: nyumba ameijenga Hoza, neno la Hoza ndilo la nyumba hiyo, fundi Mwanaidi arudishie alichokitoa, leo hii, kwa mkono wake. Rajabu akanikabidhi kopo.

Nililitikisa. Mazoea tu ya mkono. Nikaufunga mrija wa kupulizia mdomoni mwa kopo, nikasimama, nikampa Hoza.

"Ziba wewe," nikamwambia. "Mkono wangu hautaki. Hapa unabonyeza, kopo liwe kichwa chini, usijaze lote. Halafu ukimaliza, usiende kulala kwingine. Lala humu na mama, na jiko lake."

"Fundi, unavunja uamuzi," mwenyekiti alifoka.

"Nauvunja."

Hoza alilitazama kopo. Akapanda stuli. Alikuwa mrefu, tundu likawa sawa na uso wake, akauweka mrija pale na kidole juu ya kitufe. Ukungu ukampiga usoni, nikaona anafumba macho. Nilijua anamfikiria baba yake, na kusema kweli nilimwonea huruma. Alikuwa amesimama katikati ya vifo viwili, kimoja alikijua na kingine alikuwa anaambiwa tu na mwanamke mwenye kisu.

Chini kukasikika mchakacho. Tukageuka. Mama Hoza alikuwa ameinama, amelivuta jiko kutoka uvunguni, anapanga mkaa. Akachukua kiberiti. Mbele ya mwenyekiti, mbele ya mwanawe, mbele yetu sote, akawasha, akaanza kupepea na kifuniko cha sufuria.

"Mama," Hoza akasema kutoka juu. "Utalitoa hilo jiko?"

"Silitoi. Nina baridi."

"Hata nikiziba?"

"Ziba. Nyumba ni yako."

Akaendelea kupepea. Mkaa ukaanza kuwa mwekundu. Hoza aliutoa mrija kwenye tundu polepole. Alishuka, akaliweka kopo kwenye kizingiti cha dirisha, akatoka nje, na nikamsikia akilia nyuma ya nyumba.

Hakuniomba radhi, na mimi sikumwomba. Tulifanya kazi. Matundu tuliyatia wavu wa mbu, na Rajabu ndiye aliyeukata, kwa ule mkono wake mzuri. Kwa mama tulipatana kwa shida kama watu wanaouziana ng'ombe: jiko liwake jioni dirisha likiwa wazi kidogo, na kabla hajapanda kitandani litoke barazani, wala asijidanganye kwamba matundu yanatosha mtu kulala nalo. Hoza akamnunulia mablanketi mazito. Kuumwa kichwa kukaisha.

Siku hizi vijana wa hapa wananiita Fundi Matundu. Wananiambia mambo yamebadilika, bi mkubwa, povu la sasa ni bora zaidi. Naam, ni bora zaidi, linaziba zaidi, ndiyo maana nasema kwa sauti zaidi. Kabla hujabonyeza, inama uangalie uvunguni. Mteja akikufukuza, fukuzwa. Niiteni mnavyotaka.

Mwezi uliopita nilipanda Bungu, magoti yakinitukana njia nzima. Mama Hoza yupo, amekuwa mdogo kama mtoto wa shule, na anakula kuliko mimi. Lile kopo la Rajabu nalo lipo. Povu likishatikiswa na kufungwa mrija halisubiri mtu, liligandia ndani wiki ileile, halina kazi tena duniani. Mama Hoza amelilaza kwenye kizingiti cha dirisha lake, akaliegemeza kwenye ubao wa fremu, ili dirisha lisijifunge.